Mtindi wa usiku na tumbo linalojaa: Ayurveda inasema nini hasa?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi niko Tanga. Kwa miaka mingi chakula changu cha usiku ni ugali na mtindi, kikombe kikubwa cha nusu lita, na huupenda wenye sukari. Siku hizi nikimaliza kula tumbo linajaa na kunguruma, nikilala nacheua uchachu, asubuhi koo lina makohozi. Jirani yangu, mama wa Kigujarati, anasema Ayurveda inakataza mtindi usiku. Mume wangu anasema mtindi ndiyo dawa ya tumbo, wazee wetu waliunywa mpaka uzeeni. Nimsikilize nani? Na mwanangu wa miezi minane naye nimpe?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Jirani yako amesema kweli kuhusu kilichoandikwa, na mume wako naye ana lake ndani ya vitabu hivyohivyo. Nilisomea Ayurveda, tiba ya jadi ya India, huko Jamnagar, kule Gujarat, na swali lako ni mojawapo ya yale ambayo watu huletewa jibu la nusu: huambiwa "usile" bila kuambiwa kwa nini, na bila kuambiwa wale nini badala yake.

Katazo lenyewe limo katika Charaka Samhita, kitabu cha tiba cha Wahindi chenye umri wa karibu miaka 2,000, sura ya 7 ya sehemu yake ya kwanza. Maneno yake ni machache na makali. Mtindi usiliwe usiku. Usiliwe ukiwa wa moto. Na usiliwe mtupu: uende na samli na sukari, au supu ya choroko, au asali, au amla, tunda chachu la Kihindi. Kisha yanatajwa yatakayomfika asiyefuata: homa, kutokwa damu, maradhi ya ngozi, kupauka kwa kukosa damu, kizunguzungu, na ugonjwa wa manjano, yaani macho na ngozi kugeuka njano.

Orodha hiyo ya maradhi isikunyime usingizi. Tiba ya kisasa haikubali kwamba bakuli la mtindi wa usiku humletea mtu manjano, na mimi simtishi mgonjwa kwa hilo. Lakini ukiiweka pembeni, sehemu ya kwanza ya kauli inabaki na akili nyingi ndani yake, na inagusa moja kwa moja hayo unayoyalalamikia.

Kwa Ayurveda, kumeng'enya chakula ni kazi ya moto, nao huitwa agni. Moto huu hauwaki sawasawa kutwa nzima. Huwa mkali adhuhuri, jua likiwa kichwani, na hufifia giza likiingia. Chakula kizito kikiwekwa juu ya moto uliofifia hakiivi, hubaki ndani nusunusu na kugeuka kitu chenye kunata kiitwacho ama, ambacho vitabu hukihusisha na uzito wa tumbo, ulimi wenye utando, uchovu na makohozi. Mtindi umewekwa miongoni mwa vyakula vizito, tena vyenye kuziba njia za mwili. Kwa hiyo mtindi mzito usiku, kwa hesabu yao, ni mzigo mkubwa kwa moto mdogo.

Jambo linalowashangaza wengi ni hili: mtindi, hata ukiwa umetoka kwenye jokofu, Ayurveda inauhesabu kuwa na tabia ya moto. Ubaridi ni wa ulimini tu. Ukishashuka tumboni ni mchachu mwanzo hadi mwisho, na uchachu kwao huamsha pitta, yaani nguvu ya joto na nyongo. Watu wenye kiungulia hunywa mtindi baridi wakitarajia kuzima moto, wanapata nafuu ya dakika chache, halafu wanaungua zaidi. Wewe unacheua uchachu ukilala. Kwa mganga wa Ayurveda hiyo ni dalili inayotosha kusema: mtindi wa usiku uache.

Daktari wa hospitali angefika palepale kwa njia nyingine. Nusu lita ya kimiminika juu ya ugali hulijaza tumbo mpaka juu. Tumbo humwaga chakula taratibu zaidi jioni kuliko asubuhi, na mafuta ya maziwa yanalichelewesha zaidi. Ukilala kabla ya saa 2 au 3 kupita, tindikali haivutwi tena kurudi chini, inapanda kooni. Hiyo ndiyo sababu ya kucheua, na mara nyingi ndiyo sababu ya koo kuwa na kitu kizito asubuhi.

Kuhusu makohozi, hapa nitatofautiana kidogo na jirani yako. Tafiti zilizopima kamasi za watu waliokunywa maziwa hazikuona kwamba maziwa yanazalisha kamasi zaidi. Kinachotokea ni kwamba mafuta ya maziwa yakichanganyika na mate huacha utando kooni, nao mtu huuhisi kama makohozi. Charaka mwenyewe, katika sura ya 27, anautaja mtindi miongoni mwa vinavyofaa kwa mafua, jambo ambalo wasemao "mtindi unaleta mafua" hulisahau. Sura hiyohiyo inausifu kwa kuamsha hamu ya kula, kuongeza nguvu, kunenepesha waliokonda, na kusaidia kuhara. Inauita hata chenye baraka. Ndiyo maana mpaka leo katika nyumba nyingi za India mtoto anayekwenda kwenye mtihani hulishwa kijiko cha mtindi na sukari mlangoni. Mume wako, unaona, hakuzua.

Sasa tuje kwenye mtindi wenyewe, maana nadhani kwako tatizo liko hapa kuliko kwenye saa.

Bhavamishra, mwandishi wa Ayurveda wa karne ya 16, anaugawa mtindi mara tano kwa kadiri ulivyoganda na kuchachuka. Wa kwanza ni ule ambao haujaganda sawasawa, si maziwa tena wala si mtindi bado. Huu ndio mbaya kuliko yote. Charaka anauweka kinara wa vyakula vyote vinavyoziba njia za mwili. Wa pili umeganda vizuri na ni mtamu, uchachu haujajitokeza. Wa tatu una utamu na uchachu kwa pamoja. Wa nne umeshakuwa mchachu. Wa tano umepitiliza, ule unaotia ganzi meno na kuchoma koo. Anayetaka tumbo tulivu anatafuta wa pili na wa tatu, ulioganda ukashikana, ukitia kijiko kinaacha alama safi.

Angalia basi mtindi unaokunywa. Ukiwa ni wa kununua wenye sukari nyingi, hesabu yake ni hii: maziwa ya ng'ombe yana sukari yake ya asili, laktosi, karibu gramu 5 kwa kila mililita 100. Kuchachuka hupunguza sehemu yake tu. Kikombe cha nusu lita kinaweza kukupa gramu 20 za laktosi au karibu na hapo, juu yake sukari ya kiwandani. Watu wazima wengi duniani hawana tena kimeng'enya cha kutosha cha kuivunja laktosi, na wengi wa hao huweza kuvumilia gramu 12 hivi kwa mara moja bila taabu. Zaidi ya hapo inafika kwenye utumbo mpana ikiwa nzima, bakteria wanaila, wanatoa gesi. Kunguruma na kujaa kwako kunafanana sana na hali hiyo. Na uwezo huo huweza kupungua umri ukienda, hivyo usishangae kwamba ulichokinywa ukiwa na miaka 20 bila shida sasa kinakusumbua.

Ndipo faida ya mtindi ulio hai inapoonekana. Bakteria wanaougandisha huja na kimeng'enya chao wenyewe, nacho huendelea kuivunja laktosi ndani ya utumbo wako. Mwaka 2010 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilikubali kwamba bakteria hai wa mtindi wanasaidia kumeng'enya laktosi kwa wanaoshindwa. Lakini lazima wawe hai. Mtindi uliopashwa moto baada ya kuganda ili ukae dukani miezi, bakteria wake wamekufa, na msaada huo umekwenda nao. Soma pakiti.

Kuhusu wazee wetu, mume wako ana haki ya kuwataja, ila jamii za wafugaji wa Kenya na Tanzania si mfano wa kila mtu. Utafiti wa Sarah Tishkoff na wenzake, uliotoka mwaka 2007, ulionyesha kwamba wengi katika jamii hizo wana mabadiliko ya kinasaba yanayowawezesha kumeng'enya maziwa hata utu uzimani, na mabadiliko hayo yalizuka huku Afrika peke yake, mbali na yale ya Ulaya. Aliyezaliwa katika ukoo wa wafugaji na aliyezaliwa katika ukoo wa wavuvi wanaweza kunywa kikombe kimoja wakaamka na habari mbili.

Badala ya kikombe chako cha usiku, ninalokushauri ni takra. Wagujarati huiita chaas, na jirani yako bila shaka anaitengeneza kila siku. Ni mtindi uliotiwa maji ukapigwa mpaka siagi ikajitenga, siagi ikaondolewa. Ayurveda inautazama mtindi na takra kama vyakula viwili tofauti kabisa. Mtindi ni mzito, takra ni nyepesi. Mtindi unaziba, takra inafungua na kuwasha moto wa tumbo. Charaka anapotaja kilicho bora kwa kila jambo, anasema mazoea ya kunywa takra ndiyo bora kwa tumbo lililoharibika mmeng'enyo, kwa uvimbe na kwa bawasiri. Kuna na beti ya zamani ya Kisanskriti isemayo kwamba mwisho wa mlo kinachonywewa ni takra, na kwamba hata Indra, mfalme wa miungu, haipati kwa urahisi. Wanaipenda kiasi hicho.

Na inaeleweka. Kupiga na kutia maji kunaondoa mafuta yanayochelewesha tumbo, na kunapunguza laktosi ndani ya kila glasi, huku bakteria wakibaki.

Namna ya kuitengeneza: chukua robo kikombe ya mtindi mzito usio na sukari, ulioganda vizuri. Tia maji safi ya kunywa, yasiyo ya barafu, robo tatu ya kikombe. Chukua upekecho, uzungushe baina ya viganja dakika kadhaa, mpaka utando wa siagi uelee juu. Uengue. Mashine ya kusagia inafaa pia, lakini ipige kwa mwendo wa polepole. Kaanga bizari nyembamba kavu kwenye kikaango mpaka inukie, itwange, tia nusu kijiko cha chai. Tia chumvi kidogo na tangawizi mbichi iliyokunwa, kiasi cha ncha ya kijiko. Mwenye gesi nyingi aongeze mvuje, mdogo kama punje ya mtama, uliopitishwa kwanza kwenye samli ya moto. Majani ya kotimiri ukipenda. Kunywa taratibu, glasi moja, mwishoni mwa chakula cha mchana au muda mfupi baadaye. Ikiwa unapika ugali na mtindi kwa mazoea, basi uhamishie mchana, mtindi usizidi nusu kikombe, kisha glasi hiyo ya takra siku nyingine.

Wewe unayecheua uchachu, anza na tangawizi kidogo sana au uiache kabisa wiki ya kwanza, na usitumie mtindi wa jana kutwa uliokwisha kuwa mkali. Sushruta, bingwa mwingine wa kale, alikataza takra kwa mwenye jeraha, kwa aliyedhoofika, kwa mwenye kuzimia, kizunguzungu au kuungua mwilini, na kwa mwenye kutokwa damu. Alikataza pia wakati wa joto kali. Utanirudia uniambie kwamba Gujarat hunywa chaas kwa mitungi msimu wa joto. Ni kweli, nimekunywa nao. Mazoea ya watu na maandishi hayatembei pamoja siku zote, na chaas yao ya kiangazi huwa nyepesi mno, maji matupu yenye harufu ya mtindi na jira. Vivyo hivyo kitabu kinakataza mtindi wa moto, huku kadhi, mchuzi wa mtindi uliopikwa na unga wa dengu, ikiwa chakula cha kila wiki katika nyumba hizohizo, na huku Watamili wa kusini mwa India wakifunga mlo kwa wali uliochanganywa na mtindi, wengine hata usiku. Mimi naona hivi: katazo la kale ni mwongozo kwa tumbo lenye matatizo, si sheria juu ya kila kinywa. Asiyeumwa na mtindi wa usiku simwondolei kikombe chake. Wewe unaumwa.

Vya kuambatana navyo, kitabu kimetaja samli, sukari, asali, choroko na amla. Mimi hulisoma kama uchaguzi: chochote kimoja kati ya hivyo. Kwa mtu wa Tanga, choroko ndiyo rahisi na ndiyo nzuri zaidi. Choroko nyepesi yenye mchuzi, wali kidogo, na mtindi nusu kikombe pembeni ni mlo wa mchana ambao tumbo lako litakushukuru. Sukari ya vitabu hivyo ilikuwa kijiko, si ile ya vikombe vya dukani. Mwenye kisukari aiache, na asali pia.

Kuna vya kutochanganya. Vagbhata, mwandishi mwingine wa kale wa Ayurveda, anakataza ndizi mbivu na mtindi au takra, na wengi wetu tunazisaga pamoja asubuhi tukidhani tunafanya jambo la afya. Hakuna sumu inayozaliwa hapo. Lakini ndizi, mtindi mzito na sukari kwa pamoja ni mzigo, na mwenye tumbo la gesi akizitenganisha kwa wiki mbili mara nyingi anaona tofauti. Jaribu. Na kama unatumia dawa za antibiotiki za aina ya tetrasaiklini au siprofloksasini, usizimeze na mtindi wala takra. Kalsiamu huzishika dawa hizo zisiingie mwilini. Muulize mfamasia wako aachanishe saa.

Ukitaka kugandisha mwenyewe, na ningependa ufanye hivyo, chemsha maziwa mpaka yafure na yatokote kidogo. Hili halina mjadala, hata kama mwenye ng'ombe ni ndugu yako, kwa sababu maziwa mabichi huweza kubeba bruselosi na kifua kikuu cha ng'ombe, na kugandisha tu hakuviui kwa uhakika. Yaache yapoe mpaka kidole kiweze kukaa ndani ukihesabu 10 bila kuungua. Tia kijiko kimoja cha mtindi hai kwa kila nusu lita, koroga mara moja, funika, usiguse. Kwa joto la Tanga, saa 5 hadi 7 zinatosha. Ukigandisha asubuhi mapema, mchana uko tayari, ukiwa katika ule utamu wenye uchachu mdogo. Kisha weka kwenye jokofu, maana ukiuacha mezani mpaka jioni utakuwa umefika daraja la nne, na kesho la tano.

Chakula cha usiku sasa kiwe chepesi na mapema: uji wa choroko, mboga za majani na ugali mdogo, au supu. Charaka anasema theluthi moja ya tumbo iwe ya chakula kigumu, theluthi ya maji, theluthi iachwe wazi kwa mzunguko. Kaa saa 3 kabla ya kulala. Fanya hivi wiki mbili, mtindi mchana tu na usio na sukari.

Kama baada ya hapo tumbo bado linajaa, acha maziwa ya aina zote kwa wiki nyingine moja uone. Tumbo likitulia, tatizo ni laktosi, na kiasi chako utakipata kwa kurudisha kidogokidogo. Lisipotulia, nenda hospitali. Na usisubiri wiki hata moja ukiona damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, ukikonda bila sababu, chakula kikikwama ukimeza, ukitapika mara kwa mara, au maumivu yakikuamsha usiku. Hayo si ya takra wala ya mvuje. Tafadhali usinunue pia unga wa "Ayurveda" usiojulikana ulikotoka. Baadhi ya bidhaa hizo zilipopimwa maabara zilikutwa na risasi, zebaki na aseniki. Ninachokuandikia hapa ni chakula cha jikoni tu.

Mwanao wa miezi 8 anaweza kula mtindi, vijiko viwili vitatu mchana pamoja na vyakula vyake vingine, uliogandishwa kwa maziwa yaliyochemshwa, bila sukari na bila chumvi. Usiwe badala ya ziwa lako. Maziwa ya ng'ombe hayawi kinywaji chake kikuu kabla ya mwaka mmoja. Takra yenye viungo bado si yake. Na hapa kauli ya kitabu kuhusu asali usiifuate kabisa: asali hapewi mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata tone, kwa sababu huweza kubeba vijidudu vya botulizimu ambavyo utumbo wa mtoto hauwezi kuvidhibiti. Mpe kwanza kijiko kimoja, subiri siku mbili tatu, na ukiona vipele, kutapika au choo chenye damu, acha umpeleke kliniki.